Karatasi ya maabara ina H nne na L moja, mke wangu sijamwambia

Mwangaluka kaka mkubwa, shikamoo. Mi nakusoma siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeshikwa. Nina miaka 48, nauza dagaa mwaloni Kirumba hapa Mwanza, naishi Pasiansi na mama watoto na watoto wetu watatu. Zamani nilivua kule Ukara ndo nikaja huku kwenye kuuza. Jina naomba usiweke maana mwaloni pale tunakusoma wengi.

Iko hivi. Wiki mbili zilizopita ilikuwa mwezi mkubwa, si unajua tena mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi imelala, biashara imepoa. Nikasema ngoja nitumie nafasi nikapime afya, maana kuna mwenzetu rika langu alianguka ghafla pale pale kwenye chanja za dagaa na hakuamka, na mzee wangu mwenyewe alipooza upande mmoja akiwa na miaka 55, akalala kitandani miaka miwili ndo akaondoka. Kuna maabara moja upande wa Nyakato waliweka bango la ofa, chekapu ya mwili mzima. Siku hiyo nikapita kwanza mwaloni alfajiri, nikanywa chai na chapati mbili kama kawaida, nikachukua baiskeli nikaenda, kama saa mbili na nusu wakanitoa damu vichupa vitatu wakasema rudi jioni. Jioni dada wa dirishani akanisukumia karatasi mbili chini ya kioo. Nikamuuliza dada mbona kuna herufi hizi, akasema hizo mpelekee dokta, huku anaita mwingine. Basi, ndo imeisha hivyo.

Nimefika nyumbani nikajifungia chooni nasoma na tochi ya simu. Mistari kama 30 hivi, na pembeni ya mingine kuna herufi nyeusi nzito. Naziandika kama zilivyo. WBC 3.6 ina L. Eosinofili asilimia 14, H. Sukari 6.4, H. ALT 58, H. PSA 4.6, H. Nyingine zote hazina kitu, hadi kreatinini 92 ipo kavu tu. Kaka mkubwa nikwambie ukweli, nilivyoona H nikajua ni ule ugonjwa wetu, H ya HIV, na zenyewe ziko nne! Nikamuuliza kijana mmoja anasoma mambo ya afya chuoni, bila kumwambia ni zangu, WBC ni nini, akasema hao ni askari wa mwili, kinga. Na zangu zimeandikwa L yaani ziko chini. Nikaona hapo imekamilika. Karatasi nimeificha stoo chini ya magunia, na siku 14 sasa nalala nimempa mama watoto mgongo nasingizia kiuno kinauma.

Alafu hiyo sukari sasa. Siku ya tatu nikapita sehemu nyingine nikapima tena, ilikuwa saa nane mchana nimetoka kula ugali na sato, wakaniandikia 118. Kutoka 6 hadi 118 ndani ya siku tatu! Nimeacha chai, nimeacha ugali, nashindia mchicha na dagaa kama paka wa mwaloni. PSA nimegugo nikaona saratani ya tezi dume, nikazima simu. Ni kweli usiku naamka kukojoa mara moja au mbili, na wiki moja kabla ya kupima nilikuwa nimemaliza dawa za UTI, mkojo ulikuwa unachoma.

Mengine ili usije ukasema nimekuficha, bia zangu ni wikiendi, tatu nne hivi. Na kuna unga wa mzee mmoja natia kwenye uji, wa kuongeza nguvu, unanielewa, wiki ya tatu hii. Sasa kuna jamaa anauza virutubisho nikamwonyesha ile karatasi nikasema ni ya rafiki yangu, akasema huyo rafiki yako damu imechafuka na tezi imeanza kuoza, dozi ya miezi mitatu laki nne na themanini, nusu ilipwe kabla ya mwezi kuisha. Nimeshaanza kuchanga. Nisaidie kaka, kama ni kufa nife nikijua.

Baba wa watatu, mwaloni Kirumba

*

Marahaba mdogo wangu, mwangaluka. Nimecheka pale kwenye paka wa mwaloni, alafu nikaacha kucheka, maana siku 14 za kumpa mkeo mgongo kwa ajili ya herufi ya printa ni nyingi sana.

H ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya juu, L ni chini. Hakuna lingine. Mashine imepewa mipaka miwili, namba yako ikipita ule wa juu kompyuta inagonga H, ikishuka chini ya ule wa chini inagonga L, na inagonga yenyewe, haijui we ni nani, una miaka mingapi, umeamkaje. Na kipimo cha HIV katika hivyo ulivyonitajia hakipo. Hakichomekwi kimyakimya kwenye ofa, unaambiwa kwanza, unakubali, na majibu yake mtu anakaa chini na wewe. Kama roho bado inapiga we nenda kituo chochote cha serikali ukapime, ni bure na hutakaa sana, na ukienda na mama watoto ni vizuri zaidi ila hilo nitalirudia.

Sasa hiyo mipaka yenyewe inatoka wapi. Wanachukua watu wengi wazima wa afya wanawapima, alafu wanachora mstari ili 95 kati ya 100 wawe ndani. Maana yake watano wazima kabisa wanaachwa nje kwa makusudi, hawana ugonjwa wowote ila mstari umewakata. Hiyo ni kwa kipimo kimoja. Ukimpima mtu mzima vitu 20 kwa mkupuo, kihesabu nafasi ya kutoka bila herufi hata moja ni kama 36 kwa 100 tu. We ulipima 30. Mi nimekaa maabara miaka mingi, karatasi ya ofa ikitoka haina herufi hata moja nilikuwa naiangalia mara mbili kama jina ni la mwenyewe. Ndo maana hizi chekapu za mwili mzima sizipendi sana, zinauza wingi wa mistari, alafu mteja anabaki na maswali 30 mbele ya kioo.

Tuanze na askari wako. 3.6 wakati mpaka wa kwenye karatasi bila shaka ni 4. Mipaka mingi tunayotumia ilichorwa kwa damu za Wazungu, na sisi Waafrika wengi seli nyeupe zinazoonekana kwenye damu ni chache kidogo kwa asili, hasa zile zinaitwa neutrofili. Inatokana na urithi, wengi wetu seli nyekundu hazina alama moja inaitwa Duffy, na kukosa hiyo alama ndo kunafanya malaria ya vivaksi isituingie kirahisi, sasa watu wa namna hiyo neutrofili zao huwa chini na wanaishi tu wanapigana na magonjwa kama kawaida. 3.6 kwa mtu anayebeba magunia na kuendesha baiskeli kila siku hainitishi. Ingekuwa una homa zisizoisha, unakonda, kidonda hakiponi, hapo ningeongea lugha nyingine. Rudia baada ya miezi michache ulinganishe na yako mwenyewe, usilinganishe na ya mtu.

Eosinofili, nayo ni aina moja ya hizo seli nyeupe, hapa inataka kalamu. Asilimia 14 inaonekana kubwa, lakini ni 14 kwa 100 ya seli zipi? Ya hizo 3.6. Zidisha, unapata 0.5, na 0.5 ndo mpaka wa juu kwenye maabara nyingi. Kwahiyo kwa idadi halisi upo mlangoni tu, hujaingia ndani. Ila nikimjua mwenye damu siwezi kuishia hapo. Hizi seli zinapanda kwa mzio, kwa pumu, kwa dawa fulani, na kwa minyoo, na mtu aliyevua Ukara mimi nikiona eosinofili hata ikiwa mlangoni nauliza kichocho. Ziwa letu hili la Victoria kilichojaa ni kichocho cha tumbo, usisubiri damu kwenye mkojo kama unavyosikia watu wa pwani, hiki mayai yake yako kwenye choo kubwa. Vijidudu vinatoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi vinapenya ngozi, dakika chache tu unashusha gunia maji yako magotini inatosha. Watoto wako shuleni wanapimwa urefu kwa ile fito wanameza vidonge, sisi watu wazima tunaoshinda kwenye maji ndo tunasahaulika. Na ubaya wake hakina kelele, miaka inaenda kinatia makovu kwenye mishipa ya ini, siku moja mtu anatapika damu beseni zima na ukoo unaanza kutafuta aliyemroga. Kapime choo, toa sampuli zaidi ya siku moja maana mayai hayatoki kila siku, na dawa ni prazikwanteli, inapimwa kwa uzito wako, meza ukiwa umekula la sivyo kizunguzungu na kichefuchefu utakijua. Kumeza leo hakukukingi kesho ukirudi majini.

Sukari. Mdogo wangu, jibu la hii umeliandika mwenyewe ukalipita mbio, chai na chapati mbili. Huo mpaka wa 6.1 ambao mashine imekupimia ni wa mtu ambaye hajala, masaa 8 au zaidi, maji matupu. We umeingia na chapati tumboni ukapata 6.4, hiyo ni sukari ya kawaida ya mtu aliyekula, dirishani hakuna aliyekuuliza na kompyuta ikagonga H yake. Na ile 118 iliyokutoa ugali mdomoni haijapanda kutoka 6, ni vipimo viwili tofauti, kama mmoja anapima dagaa kwa kilo na mwingine kwa ndoo. Kuna maabara zinaandika milimoli na kuna zinazoandika miligramu. Hiyo ya miligramu gawa kwa 18. 118 gawa kwa 18 ni 6.6 hivi. Na ulikuwa umetoka kula ugali na sato! Watu wangapi nimewaona wamelia kwa hili. Siku zote kabla hujaogopa namba ya sukari angalia herufi ndogo zinazoifuata.

Sisemi sukari usiifuatilie, umri wa kuanza kuiangalia ndo huo. Lala na njaa siku moja, asubuhi usiguse chai, kapime. Chini ya 6.1 kaa kwa amani, kati ya hapo na 6.9 ni onyo la kupunguza tumbo na soda, 7 kwenda juu inarudiwa siku nyingine na ikijirudia ndo tunaanza kutaja kisukari. Wanaweza kukupima pia ile ya miezi mitatu, inaandikwa HbA1c, 6.5 kwenda juu ndo kisukari, nzuri kwasababu chapati ya asubuhi haiisumbui, ila kama kwenu kuna siko seli, na kanda yetu hii imejaa, mwambie dokta kabla maana inaweza kudanganya.

ALT 58, hapa ndo tunagombana. Hiyo ni kemikali inayokaa ndani ya seli za ini, seli zikiumia inavuja kwenye damu. 58 ni mvujo mdogo, na kazi nzito ya kubeba magunia inaweza kuchangia kidogo, bia nne za wikiendi nazo zina neno. Lakini unga wa mzee! Wiki tatu unatia kwenye uji kitu hujui kimesagwa nini na nini, kipimo chake ni kijiko cha chai cha nani sijui, na kila kinachomezwa ini ndo linakipokea. Wengine kwenye hizo poda wanachanganya vidonge vya hospitali kabisa vya nguvu za kiume, ndo maana unaona inafanya kazi. Acha leo. Sikulaumu kwa kutaka nguvu, ila nguvu ikipungua ukiwa na 48 mara nyingi ni mishipa ya damu inaongea, presha au sukari, na dokta anatibu hilo bila aibu. Acha unga, acha bia wiki sita, urudie ALT. Wakati huo huo pima homa ya ini B na C, na B ukikutwa huna uliza chanjo yake uchome wewe na mama watoto. Usije ukasema ALT ni ya kichocho, kichocho kinaharibu ini huku ALT imekaa kimya, kile kinaonekana kwa ultrasaundi.

Haya, tezi dume. Kwanza tuache kusema fulani ana tezi dume kama vile ni ugonjwa. Kila mwanaume anayo, mimi ninayo, mchungaji wako anayo, iko chini ya kibofu imezunguka njia ya mkojo, ndo maana ikivimba mkojo unakuwa wa kubembeleza. PSA ni protini inayotengenezwa na hiyo tezi, kazi yake kuyafanya manii yawe mepesi, na kidogo huwa inaingia kwenye damu. Tezi ikisumbuliwa na chochote inaingia nyingi. We ilisumbuliwa na nini? UTI uliyomaliza dawa wiki moja kabla, hiyo peke yake inaweza kuiweka juu kwa wiki kadhaa. Baiskeli ya Pasiansi mwaloni hadi Nyakato, umekalia tezi njia nzima. Na kama usiku ule kabla ya kupima ulikuwa na mama watoto (enzi zile hujaanza kumpa mgongo) nayo inapandisha.

Kwenye namba za kati ya 4 na 10 inakadiriwa mmoja kati ya wanne ndo anakutwa na saratani, watatu ni uvimbe wa kawaida wa umri au maambukizi. Lakini sikwambii upuuze, una 48 tu, na saratani hii kwa wanaume weusi inakuja mapema na kwa nguvu kuliko kwa wengine. Rudia PSA zikipita wiki sita hadi nane tangu umalize dawa za UTI, siku mbili kabla baiskeli ipumzike na kitandani pia mpumzike, upime na mkojo uonekane msafi. Ikibaki juu nenda hospitali kubwa yenye daktari wa njia ya mkojo, Bugando pale wapo. Atataka kuingiza kidole. Najua mwaloni mtaongea wiki nzima. Ni kama nusu dakika, anasikia kama tezi ni laini au ina gumegume, na kuna saratani ambazo PSA inakuwa nzuri kidole ndo kinazikamata. Uliza pia kwa wajomba na baba wadogo kama kuna aliyefia kwenye shida ya mkojo, dokta atakuuliza.

Huyo jamaa wa virutubisho arudishe kiti alichokalia. Tezi haiozi kwa 4.6, na "damu imechafuka" hakuna maabara inayopima hicho kitu. Hiyo laki nne na themanini nakuhakikishia ukirudia sukari, PSA, ALT, ukapima choo na homa ya ini, inabaki ya kununua gunia.

Na sasa kilichonifanya nikuandikie marefu hivi. Umeenda kupima kwasababu mwenzako alidondoka na mzee wako alipooza akiwa na 55. Nimetafuta kwenye barua yako mara tatu, presha hamna. Damu vichupa vitatu, mistari 30, na ule mkanda wa kufunga mkononi dakika mbili hakuna aliyekufunga. Kupooza kwa upande mmoja mara nyingi ni presha, haiumi, haionekani kwenye damu, na baba akiwa nayo mtoto yuko kwenye foleni. Hiyo ndo ya kufanya kesho asubuhi kabla hujafikiria tezi. Kaa kwanza dakika tano, usivute sigara wala kunywa kahawa kabla, mkono umeulaza mezani, wakupime mara mbili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine tofauti wakupime tena, ikigoma kushuka unaanza matibabu na huachi ukijisikia vizuri. Ingekuwa amri yangu ningechukua hofu yako yote ya hizo H nne nikaihamishia hapo.

Mama watoto mwambie leo leo jioni. Mwambie na unga. Atanuna siku mbili, ila yeye naye siku 14 anajiuliza ni mwanamke gani huyo wa Kirumba. Alafu ile karatasi itoe chini ya magunia kabla haijashika harufu, dokta ataihitaji kulinganisha na ya pili, na ya pili ukiipata niandikie namba tu kama ulivyofanya, usipige picha yenye jina.